Namna ya Kusoma na Kuandaa Hadhi ya Uhifadhi ya Wadudu, Kaa, Buibui na Arithropodi Wengine

Mtu anayetaka kujua kama kipepeo fulani, kaa wa mtoni au buibui wa pangoni yumo hatarini kutoweka kwa kawaida hutafuta jina lake mtandaoni, akakutana na herufi mbili kama EN au VU, akazinakili na kuondoka. Herufi hizo peke yake hazitoshi. Nyuma yake kuna jina la kisayansi, kigezo, mwaka na eneo, na kwa arithropodi, yaani wanyama wenye gamba la nje na miguu yenye viungo, mambo hayo manne huweza kubadili kabisa maana ya herufi zenyewe. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuisoma hadhi ya uhifadhi kwa uangalifu, kisha jinsi ya kukusanya ushahidi kwa ajili ya spishi ambayo bado haijapewa hadhi yoyote. Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayowahusu wengi, kwa kuwa wadudu waliokwisha kupewa majina na wanasayansi wanafikia takriban milioni moja, na waliotathminiwa ni kama mmoja tu katika kila mia.

Anza na jina la kisayansi

Majina ya kawaida hayafai kwa kazi hii. Neno "kamba" hubeba spishi nyingi mno za baharini na za maji baridi, na mnyama Limulus polyphemus, ambaye katika lugha kadhaa huitwa kaa, ana undugu wa karibu zaidi na buibui na nge kuliko na kaa. Tafuta kwanza jina la kisayansi linalotumika sasa, halafu orodhesha majina yake ya zamani, kwa sababu rekodi za makumbusho huenda bado zimehifadhiwa chini ya majina hayo. Ukiruka hatua hii, unaweza kuhesabu spishi mbili kuwa moja na kuiona iko salama, au kuigawa moja kuwa mbili na kuzua hatari isiyokuwapo.

Mfano mzuri ni mdudu-kijiti wa kisiwa cha Lord Howe, Dryococelus australis. Panya walifika kisiwani humo mwaka 1918 baada ya meli kukwama, na baada ya miaka michache mdudu huyu hakuonekana tena. Mwaka 2001 wachache walipatikana kwenye Ball's Pyramid, mwamba mkali uliochomoza baharini umbali wa kilomita zipatazo 20 kutoka kisiwani. Hata hivyo wadudu wa mwambani walitofautiana kidogo kwa umbo na wale waliokaushwa makumbusho, na swali la kama ni spishi ileile halikutulia mpaka uchunguzi wa DNA wa mwaka 2017 ulipoonyesha kwamba ndiyo yenyewe. Kabla ya hapo, mtu makini angelazimika kueleza shaka hiyo katika maandishi yake badala ya kuificha.

Zijue herufi, hasa zile mbili zinazopotosha

Orodha Nyekundu ya Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili, IUCN, ilianza mwaka 1964, lakini vigezo vyake vya namba vilipitishwa mwaka 1994, na toleo linalotumika leo, la 3.1, ni la mwaka 2001. EX ni spishi iliyotoweka, na EW ni iliyotoweka porini ikabaki mikononi mwa watu tu. CR, EN na VU ndizo ngazi tatu za hatari, kutoka kubwa kabisa hadi ndogo. NT ni spishi inayokaribia kuingia hatarini, na LC ni isiyo na wasiwasi mkubwa. Hakuna ugumu hapo.

Ugumu uko kwenye DD na NE. NE maana yake ni kwamba hakuna aliyeitathmini spishi hiyo. DD ni tofauti: wataalamu wameichunguza wakaona kwamba taarifa zilizopo hazitoshi kuamua ngazi yoyote. Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni la kuisoma DD kana kwamba ni LC, wakati spishi yenye DD yaweza kuwa imeenea kote au yaweza kuwa imebakiwa na kijito kimoja. Katika tathmini ya kwanza ya kaa wa maji baridi duniani, iliyochapishwa mwaka 2009, karibu nusu ya spishi zote ziliangukia DD, nyingi kwa sababu zilijulikana kutokana na vielelezo vichache vya zamani tu.

Hali hiyo ndiyo inayofanya asilimia za magazetini zihitaji kusomwa kwa tahadhari. Desemba 2021 ilitangazwa kwamba kereng'ende wote wanaojulikana, spishi 6,016, walikuwa wametathminiwa na kwamba 16% kati yao wako hatarini. Utafiti mkubwa wa wanyama wa maji baridi uliochapishwa Januari 2025 ulikadiria 16% hiyohiyo kwa kereng'ende, lakini 30% kwa kundi la kaa, kamba na jamaa zao. Makadirio ya aina hii hupatikana kwa kujumlisha CR, EN na VU, kisha kugawanya kwa idadi ya spishi zilizotathminiwa baada ya kuondoa zilizotoweka na zenye DD, kana kwamba zenye DD zimo hatarini kwa kiwango kilekile cha nyingine. Dhana hiyo ina mantiki, ila ni dhana, nawe unapoinukuu asilimia ni haki ya msomaji wako kuambiwa hivyo.

Soma mfuatano wa kigezo, si ngazi tu

Katika ukurasa wa kila spishi, chini ya ngazi, huwekwa mfuatano wa herufi na namba unaoonekana kama fumbo, mathalani B2ab(iii). Huo ndio moyo wa tathmini. Vigezo viko vitano. A hutazama kasi ya kupungua kwa idadi. B hutazama udogo wa eneo. C huunganisha uchache na kupungua. D ni kwa spishi zenye wanyama wakomavu wachache mno au eneo finyu mno. E ni hesabu ya uwezekano wa kutoweka. Kwa arithropodi, C, E na ile sehemu ya D inayohesabu wakomavu hutumika kwa nadra, kwa kuwa ni vigumu kujua idadi ya nondo au chawa waliopo duniani. Kigezo B ndicho kibebacho mzigo mkubwa, na kwa hiyo nitakaa nacho.

B ina vipimo viwili. B1 ni eneo la mtawanyiko, yaani ukubwa wa umbo dogo kabisa lisilobonyea ndani linaloweza kuzungushwa nukta zote ambapo spishi imeonekana: chini ya kilomita za mraba 100 kwa CR, 5,000 kwa EN, na 20,000 kwa VU. B2 ni eneo linalokaliwa, linalopimwa kwa kuweka juu ya ramani miraba yenye upande wa kilomita 2 na kuhesabu ile yenye spishi ndani yake, kila mraba ukiwa kilomita za mraba 4: chini ya 10 kwa CR, 500 kwa EN, na 2,000 kwa VU. Lakini udogo wa eneo haumhukumu mnyama. Ni lazima masharti mawili kati ya matatu yatimie pamoja nao: (a) spishi imegawanyika vipande vipande vibaya au iko mahali pachache, (b) kuna upungufu unaoendelea, (c) idadi au eneo hupanda na kushuka kupita kiasi.

Neno "mahali" hapa lina maana ya pekee, na wanaoanza hulikosea. Halihesabu vituo vya ukusanyaji. Mahali pamoja ni eneo ambamo tukio moja la tishio laweza kuwaathiri kwa haraka wote waliomo. Vijito vitano vinavyotegemea chemchemi moja inayotaka kujengewa bwawa ni mahali pamoja. Mapango mawili yaliyo karibu lakini yenye matishio tofauti ni mahali pawili. Mipaka ya sharti hilo ni mahali pamoja kwa CR, pasipozidi patano kwa EN, na pasipozidi kumi kwa VU.

Chukulia mbawakavu anayejulikana katika miraba miwili tu, yaani kilomita za mraba 8, na msitu wake unaendelea kukatwa. Kwa eneo peke yake angeonekana kuwa CR. Ikiwa miraba hiyo ni mahali pawili kwa tishio na spishi haijagawanyika vipande vipande vibaya, sharti la CR halitimii, na kwa kigezo hiki ngazi yake ni EN, ambayo huandikwa EN B2ab(iii), ambapo (iii) inamaanisha kwamba kinachopungua ni ukubwa au ubora wa makazi. Na kama msitu haukatwi, wala hakuna upungufu wowote wala mabadiliko makubwa ya idadi, B haitumiki kabisa hata kama mbawakavu huyo hapatikani popote pengine duniani. Spishi adimu si lazima iwe spishi iliyo hatarini. Pengine imeishi kwenye kilima kimoja tangu zamani sana na kilima hicho hakijaguswa.

Kinyume chake pia ni kweli: wingi si usalama. Nzige wa Milima ya Rocky, Melanoplus spretus, aliyefunika anga la magharibi ya Marekani katika miaka ya 1870 kwa makundi ya mabilioni, alikamatwa akiwa hai kwa mara ya mwisho mwaka 1902. Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba kati ya miaka ya makundi makubwa spishi ilijikusanya kutaga katika mabonde machache ya mito, na mabonde hayo yaligeuzwa mashamba. Anayepima hatari ya mdudu ajiulize ni wapi anapokuwa mchache kabisa, si wapi anapoonekana mwingi.

Sharti (c) linahitaji neno moja la tahadhari kwa wanaoshughulika na gegereka (jamii ya kaa na kamba) wadogo wa madimbwi ya msimu. Dimbwi likikauka, wazima wote hufa, mvua ikirudi wanatokea kwa maelfu. Hilo halitoshi kuitwa mabadiliko ya kupita kiasi, kwa sababu mayai yaliyolala kwenye matope bado ni sehemu ya jamii yao. Kinachotakiwa ni mabadiliko ya kweli ya idadi nzima, kwa kawaida ya mara kumi au zaidi, si kuhama kutoka hatua moja ya maisha kwenda nyingine.

Kwa kigezo A, angalia muda uliotumika. Upungufu hupimwa kwa miaka 10 au vizazi vitatu, kutegemea kipi ni kirefu zaidi, na mipaka ya kawaida ni 30% kwa VU, 50% kwa EN na 80% kwa CR. Wadudu wengi huzaa kila mwaka, kwa hiyo miaka 10 ndiyo hutumika. Lakini nyenze wa jenasi Magicicada wanaotoka ardhini kila baada ya miaka 17 huhitaji miaka 51, na kamba mkubwa wa mito ya Tasmania, Astacopsis gouldi, ambaye jike wake hukomaa akiwa na miaka kama 14, huhitaji zaidi ya miaka 40. Tathmini ya wanyama wa namna hii inayotaja muda wa miaka 10 ina kasoro. Vilevile katika kuhesabu, wanaohesabika ni wale wenye uwezo wa kuzaa. Nyuki vibarua wasiozaa hawamo.

Mwaka na eneo

Tathmini iliyopita miaka 10 huwekewa alama kwamba inahitaji kusasishwa, nawe ichukulie kama barua ya zamani: ilikuwa kweli ilipoandikwa. Kipepeo-mfalme anayehama wa Amerika Kaskazini aliwekwa EN mwaka 2022, na mwaka uliofuata akahamishiwa VU baada ya hesabu kupitiwa upya. Anayetaja EN leo bila mwaka anaeneza taarifa iliyopitwa na wakati, ingawa hakusema uongo.

Eneo nalo huamua. Kipepeo wa buluu Phengaris arion alitoweka Uingereza mwaka 1979, ilhali sehemu nyingine za Ulaya alikuwa bado yupo, hivyo orodha ya taifa na orodha ya dunia zilisema mambo mawili tofauti, na zote zilikuwa sahihi. Kisa chake kinafaa kukumbukwa kwa sababu nyingine pia. Kiwavi wake hulelewa ndani ya kichuguu cha sisimizi Myrmica sabuleti, ambao huhitaji udongo wenye joto chini ya nyasi fupi. Malisho yalipopungua na nyasi kurefuka, sisimizi waliondoka, na kipepeo akaondoka nao, hata katika maeneo yaliyokuwa yamehifadhiwa kwa ajili yake. Alirudishwa kuanzia mwaka 1983 kwa kutumia viwavi kutoka Sweden, baada ya nyasi kurekebishwa kwanza. Basi unaposoma maelezo ya makazi, tafuta mnyama au mmea ambao spishi yako haiwezi kuishi bila huo. Chawa Haematopinus oliveri, anayeishi juu ya nguruwe mdogo wa Assam nchini India peke yake, yumo katika ngazi ya CR kwa sababu mwenyeji wake yuko hatarini.

Usichanganye pia hadhi na sheria. Orodha Nyekundu haimkatazi mtu yeyote kitu chochote. Biashara ya kimataifa husimamiwa na mkataba wa CITES, wenye viambatisho vyake, cha I kikiwa kikali zaidi: kipepeo mkubwa kuliko wote, Ornithoptera alexandrae wa Papua New Guinea, yumo katika Kiambatisho cha I, na nge mkubwa Pandinus imperator katika cha II. Na takwimu za wingi wa wadudu kwa jumla si hadhi ya spishi. Utafiti maarufu wa mwaka 2017 kuhusu hifadhi 63 za Ujerumani ulionyesha kwamba uzito wa wadudu warukao ulishuka kwa zaidi ya 75% katika miaka 27; ni habari nzito, lakini haikuambii ni spishi zipi zilizopungua wala ngapi zimo hatarini.

Kuandaa ushahidi wa spishi isiyotathminiwa

Kusanya kila rekodi unayoweza kuipata: lebo za makumbusho, machapisho, hifadhidata ya kimataifa ya rekodi za viumbe iitwayo GBIF, picha za iNaturalist, tovuti ambako watu huweka picha za viumbe walivyoviona. Kwa kila rekodi andika tarehe, mahali, makosa yanayowezekana ya kipimo cha mahali hapo, na nani aliyetambua spishi. Picha hutosha kwa baadhi ya kereng'ende na vipepeo. Kwa mbawakavu wengi, buibui na majongoo, utambuzi hutegemea viungo vya uzazi vinavyotazamwa kwa hadubini, na mara nyingi vya dume tu. Rekodi isiyothibitishika iweke kando, usiifute. Halafu tia nukta zilizobaki katika programu ya GeoCAT, inayotolewa bure mtandaoni, nayo itakokotoa vipimo vyote viwili vya eneo. Ikiwa eneo la mtawanyiko limetokea kuwa dogo kuliko eneo linalokaliwa, jambo linalowezekana kwa nukta chache zilizokaribiana, lipandishe lilingane nalo.

Kisha itazame ramani hiyo kwa mashaka. Nukta za wadudu hufuata barabara, vituo vya utafiti na nyumba za wakusanyaji. Pengo katika ramani laweza kuwa mahali ambapo mnyama hayupo, au mahali ambapo hakuna mtu aliyetembea na wavu. Njia pekee ya kutofautisha ni kuandika juhudi za utafutaji: saa zilizotumika, njia iliyotumika (wavu, mtego wa mwanga, mtego wa shimo, tochi ya usiku mtoni), msimu, hali ya hewa, na zaidi ya yote ziara ambazo hazikupata kitu. Rekodi za kutopata ndizo zinazokosekana kila mara, ilhali bila hizo hakuna awezaye kuonyesha upungufu.

Ziara hizo zina thamani hata zaidi pale unapofikiri kwamba spishi imekwisha. EX hutolewa pale tu ambapo hakuna shaka ya msingi kwamba wa mwisho amekufa, baada ya kutafutwa kikamilifu katika makazi yote yanayofaa, kwa saa na misimu inayofaa. Mdudu-koleo mkubwa wa kisiwa cha Saint Helena, Labidura herculeana, alionekana hai mara ya mwisho mwaka 1967, na alitangazwa kutoweka mwaka 2014, baada ya safari kadhaa za kumtafuta. Subira hiyo haikuwa uvivu. Nyuki mkubwa Megachile pluto wa Indonesia alikuwa hajulikani alipo kwa miaka mingi hadi mwaka 2019, alipopatikana akiwa hai katika kiota ndani ya kichuguu cha mchwa mtini. Pale ambapo dalili za kutoweka ni nyingi lakini utafutaji haujakamilika, kuna alama ya CR inayoongezewa maneno "huenda imetoweka", itumie hiyo.

Ukifanya kazi mitoni, safisha viatu, mitego na nyavu kwa dawa na kuvikausha kabisa kabla ya kuhamia mto mwingine. Tauni ya kamba, inayosababishwa na kimelea Aphanomyces astaci na kuletwa Ulaya pamoja na kamba wa Amerika Kaskazini, imewaua kamba wa asili wa huko mto baada ya mto, na mbegu zake husafiri ndani ya vifaa vyenye unyevu. Mtafiti anayekwenda kuhesabu waliobaki aweza kuwa ndiye anayewamaliza.

Rasimu yako ipeleke kwa kundi la wataalamu linalohusika chini ya Kamisheni ya Uhai wa Spishi ya IUCN. Yapo ya kereng'ende, ya vipepeo na nondo, ya panzi, ya nyuki wa porini, ya buibui na nge, na mengine. Huko itapitiwa na mhakiki asiyeshiriki kuiandika, nawe uwe tayari kurudishiwa maswali juu ya neno "mahali" na juu ya ushahidi wa upungufu kuliko juu ya jambo lingine lolote. Kila namba iandikiwe kama imepimwa, imekadiriwa au imebashiriwa, na pale unapotilia shaka taja kiwango cha chini na cha juu badala ya namba moja inayojifanya kuwa na uhakika.

Jambo moja liamuliwe kabla rasimu haijaondoka mikononi mwako, nalo ni usahihi wa nukta zitakazoonekana na umma. Buibui wa buluu Poecilotheria metallica, aliye katika ngazi ya CR na anayejulikana kutoka kipande kidogo cha msitu uliochakaa nchini India, hutafutwa na wafugaji wa dunia nzima, na mbawakavu na vipepeo wengi wakubwa wana soko kama hilo. Kwa spishi za aina hii, toa nukta kamili kwa wahakiki peke yao, na katika ramani ya wazi weka eneo pana lisilomwonyesha mtu mti wa kuupasua. iNaturalist huficha mahali halisi pa spishi nyingi zilizo hatarini kwa utaratibu wake wenyewe, lakini haifichi mandhari iliyo nyuma ya picha yako, wala maelezo ya njia uliyoyaandika chini yake.